Siha Isiyowekwa Akiba

Katika jiji la London, miaka michache baada ya kumalizika vita vikuu vya pili, yalikuwapo mabasi ya ghorofa ambayo kila moja lilikuwa na watumishi wawili: dereva aliyekaa mbele katika kijumba chake tangu zamu ilipoanza hata ilipokwisha, na kondakta aliyezunguka kukusanya nauli, akipanda ngazi kwenda juu na kushuka tena chini mchana kutwa. Watu hawa wawili walitoka katika tabaka moja, walikula chakula kinachokaribiana, walivuta moshi ule ule wa jiji, na waliajiriwa na shirika moja. Na kwa sababu hiyo tabibu mmoja aitwaye Jerry Morris, aliyekuwa akitafuta asili ya maradhi ya moyo ambayo wakati huo yalikuwa yakiwaua wanaume wa Uingereza kwa wingi usiopata kuonekana kabla, aliona kwamba amepata jozi ya watu aliyoihitaji, waliofanana takriban katika kila jambo illa moja, nalo ni kwamba mmoja alikula ujira wake kwa kukaa na mwingine kwa kutembea.

Morris na wenzake walikusanya habari za watumishi wa usafiri wa jiji wapatao 31,000, wenye umri baina ya miaka 35 na 64, na mwaka 1953 wakayatangaza waliyoyaona katika The Lancet, jarida mashuhuri la matabibu. Makondakta, ambao walihesabiwa kupanda vidato baina ya 500 na 750 kwa siku moja ya kazi, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Waliopatwa waliyapata katika umri mkubwa zaidi. Na waliokufa ghafla, au muda mfupi baada ya kuugua, hawakuzidi nusu ya madereva waliokufa hivyo. Mwingine angefurahi na kufunga daftari lake, lakini Morris alijua kwamba mtu mwenye mwili mzito aweza kuichagua kazi ya kukaa tangu mwanzo, hata ikaonekana kwamba kiti kimemdhuru, kumbe kiti kilimkuta amekwisha kudhurika. Akaenda katika bohari ya mavazi ya kazi, akasoma vipimo vya suruali, na kweli akaona kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta, wengine tangu siku waliyoajiriwa. Hoja yake ilikuwa karibu kuanguka. Lakini hesabu zilizofuata, ambazo ziliwalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, zilionyesha kwamba kondakta alisalimika zaidi hata alipokuwa na kitambi sawasawa na cha dereva. Habari za watu wa posta zikaja kutilia nguvu maneno hayo, kwani waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani waliobaki mezani.

Wanaosoma vitabu vya kale watasema kwamba hapana jipya hapa, na kwa kiasi fulani watakuwa wamesema kweli. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kanuni yake ya tiba kwamba utunzaji wa siha umesimama juu ya mambo matatu, riyadha, chakula na usingizi, na riyadha akaitanguliza. Tena akaieleza kuwa ni mwendo wa hiari unaomlazimisha mtu kuvuta pumzi kubwa na za kufuatana, maelezo ambayo mwalimu wa michezo wa leo hana haja ya kuyarekebisha. Kabla yake Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyewatibu wapiganaji wa viwanjani, aliandika risala nzima juu ya riyadha ya mpira mdogo. Lakini wahenga hao walisema kwa busara na kwa kuona kwa macho tu. Busara isiyo na hesabu, ijapokuwa sahihi, haimshindi mtu mwenye ajizi, ambaye daima humjua babu fulani aliyekaa barazani maisha yake yote na kufa na miaka mia.

Katika hesabu zote zilizofanywa baada ya Morris, ile iliyo nzito kuliko zote kwa maoni yangu ni ya Ralph Paffenbarger wa Marekani, kwa sababu ilijibu swali ambalo wengi wetu tuliopita umri wa ujana tungependa lisiulizwe: je, mtu aliyekuwa hodari wa viwanja alipokuwa kijana, kisha akakaa kitako, hubakiwa na kitu? Paffenbarger alianza na makuli wa bandari ya San Francisco, akafuata maisha na mauti yao kwa miaka 22, akakuta kwamba waliobeba shehena nzito walikufa kwa moyo kwa uchache kuliko wenzao waliopewa kazi nyepesi katika bandari ile ile. Kisha akawageukia watu waliohitimu Chuo Kikuu cha Harvard, wapatao 17,000, ambao daftari za chuo zilikuwa zimehifadhi habari zao tangu ujana: nani alichezea timu ya chuo, nani aliukimbia uwanja. Aliwapelekea maswali kwa posta, akiwauliza wapanda ngazi ngapi kwa siku, watembea masafa gani, wacheza michezo gani na kwa muda gani, na miaka ilipopita akahesabu ni nani waliopatwa na shtuko la moyo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 hayakuwa na upendeleo. Aliyekuwa bingwa wa chuo akaacha hakubakiwa na kinga yoyote. Vikombe vyake vilivyopangwa kabatini havikumfaa kitu mbele ya moyo wake. Na aliyekuwa goigoi chuoni, ambaye pengine wenzake walimcheka alipokimbia, ikiwa alianza kujizoeza ukubwani na kudumu, alihesabika pamoja na wenye salama. Mali mtu aweza kuichuma ujanani na kuila uzeeni, na elimu kadhalika, lakini siha ya mwili haiwekwi akiba: hutumika siku ile ile ilipopatikana, na kesho hudaiwa upya. Jambo hili ndilo linalofanya mazungumzo ya afya kuwa ya umri wote, maana anayedhani kwamba michezo ni shughuli ya vijana amelipindua suala zima. Kijana ndiye awezaye kuikosa kwa muda bila ya kuadhibiwa, na mzee ndiye asiyeweza.

Paffenbarger mwenyewe alianza kukimbia alipokuwa na umri wa miaka 45, akamaliza mbio ndefu zaidi ya 100 kabla moyo wake haujamlemea, akafariki mwaka 2007 akiwa na miaka 84. Morris alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Sitaki msomaji achukue umri wa watu wawili kuwa ithibati, kwa kuwa watu wawili si hesabu, na wao wenyewe wangekuwa wa kwanza kulikataa jambo hilo. Tena inafaa kusema bila ya kuficha kwamba faida ya miaka ni ndogo kuliko wauzaji wa mashine za mazoezi wanavyotangaza: hesabu ya Paffenbarger ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba mazoezi ya kutosha yaliwaongezea wahitimu wale mwaka mmoja hata miwili na kitu, basi. Anayejizoeza kwa tamaa ya kuishi milele atavunjika moyo. Faida iliyo kubwa imo katika namna mtu anavyoishi miaka yenyewe, katika tofauti baina ya mzee anayekwenda msalani kwa miguu yake na yule anayesubiri kubebwa.

Ili kuona jinsi mwili unavyosahau upesi, yatupasa kwenda Dallas, katika jimbo la Texas, mwaka 1966. Zama hizo mgonjwa aliyepona shtuko la moyo aliamriwa kulala kitandani wiki nyingi, kwa kuwa iliaminiwa kwamba moyo uliochoka wataka kupumzishwa mno. Na jopo la matabibu, miongoni mwao Bengt Saltin na Jere Mitchell, walitaka kujua kitanda chenyewe humfanya nini mtu asiye na ugonjwa wowote. Waliwachukua vijana watano wa umri wa miaka 20 hivi, wenye siha njema, wakawalaza kwa wiki tatu bila ya kuruhusiwa kusimama. Vijana walipoinuka, uwezo wa miili yao wa kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu, ambao ndio mizani inayopima nguvu za moyo na mapafu na misuli kwa pamoja, ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Damu yao ilikuwa imepungua wingi, na moyo uliokuwa ukisukuma kiasi kikubwa kwa pigo moja sasa ulisukuma kidogo, ukalazimika kupiga mbio kwa kazi ile ile. Kisha wakazoezwa kwa muda wa wiki nane, na wote wakarudi; na wale watatu ambao hapo awali hawakuwa na desturi ya mazoezi wakapita hata pale walipokuwa kabla ya kulala.

Kisa hiki kingekuwa kimekwisha hapo lau si kwamba mwaka 1996 watu wale watano walitafutwa, wakapatikana wote hai, wakapimwa tena. Walikuwa na umri wa miaka 50. Uzito umeongezeka, na mafuta katika miili yao yamekuwa kiasi cha maradufu. Hata hivyo hapana mmoja kati yao aliyekuwa na hali mbaya kama aliyokuwa nayo alipoinuka kitandani mwaka 1966. Naomba msomaji asiipite habari hii kwa haraka: wiki tatu za kulala ziliwadhoofisha vijana kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Waliwekwa tena katika mazoezi, safari hii ya taratibu, kutembea na kukimbia polepole na kupanda baiskeli kwa miezi sita, na mwisho wake uwezo wao ukarudi mahali ulipokuwa walipofika Dallas mara ya kwanza, ijapokuwa hawakuweza kufikia kilele walichokifikia ujanani baada ya wiki zile nane. Moyo wenyewe ulikuwa umezeeka na haukujibu sana. Iliyojibu ni misuli, ambayo ilijifunza kuikamua damu oksijeni zaidi kuliko hapo awali. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita uzee ni uzee, na sehemu nyingine ni kitanda na kiti, na sehemu hii ya pili huweza kurudishwa.

Misuli yastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi hudhani kazi yake ni kuinua na kuvuta tu, ilhali ndiyo mlaji mkubwa wa sukari katika mwili. Tukisha kula, sukari huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ambayo huamuru seli za misuli ziipokee. Na katika kisukari cha ukubwani amri hiyo hutolewa lakini seli hazisikii, na sukari huzunguka katika mishipa ikiharibu macho, figo na miguu. Ajabu ni kwamba msuli unapofanya kazi hufungua njia nyingine ya kupokea sukari ambayo haingoji amri ya insulini hata kidogo, na hata baada ya kazi kwisha hubaki msikivu kwa amri ile kwa siku moja au mbili. Siku ya tatu faida hiyo imekwisha kufifia. Hapa pia msomaji ataona lile lile lililoonekana kwa wahitimu wa Harvard, kwamba mwili hulipa kwa siku na hauandiki deni. Fauka ya hayo, ndani ya seli za misuli zimo chembe ziitwazo mitokondria, ambazo ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu, nazo huongezeka kwa mtu anayejitaabisha na hupungua kwa anayestarehe, bila ya kutazama cheo wala nasaba.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si hadithi ya Wazungu na mabasi yao. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake walipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kisukari kwa mtu asiyefika mmoja katika kila mia. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, ijapokuwa haukupima kwa njia ile ile, ulikuta takriban watu tisa katika mia miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hata 64. Sababu ni nyingi, na chakula cha mjini kina fungu lake kubwa, lakini uko uchunguzi mmoja uliowafuata watu wenyewe katika safari yao ya kutoka shamba kwenda mjini. Nigel Unwin na wenzake waliwapima wanakijiji wa mkoa wa Morogoro waliokuwa wakijiandaa kuhamia Dar es Salaam, kisha wakawatafuta jijini na kuwapima tena mwaka ulipotimia. Kabla ya kuondoka, wanaume karibu wanane katika kila kumi walikuwa na kazi za kutoa jasho. Mwaka mmoja baadaye walibaki chini ya watatu. Kwa wanawake walikuwa karibu wanne, wakabaki chini ya wawili. Na kila mmoja, kwa wastani, alikuwa ameongeza zaidi ya kilo mbili. Ni mwaka mmoja tu! Jembe limeachwa nyumbani, mtungi wa maji umekuwa bomba, safari ya maili tatu imekuwa nauli ya daladala, na kazi ya kukaa dukani ama kulinda mlango imeonekana kuwa neema. Nami siwezi kuwalaumu, kwa sababu asiyepata kulima kwa jembe la mkono jua la saa saba hana haki ya kuisifu kazi hiyo mbele ya aliyeikimbia.

Kuna jambo hapa ambalo laweza kuwashangaza wale wanaojizoeza kwa ajili ya mizani peke yake. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hata leo hula asali, nyama ya mwituni, matunda na mizizi. Herman Pontzer, David Raichlen na Brian Wood wameishi nao na kuwapima kwa miaka. Vipimo vyao vilionyesha kwamba Mhadzabe mtu mzima hupata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa kuutia moyo kazini, na kwamba shinikizo la damu ni haba kwao hata uzeeni. Walipowanywesha maji yaliyotiwa alama, ambayo hutokea tena katika mkojo na kufichua kiasi cha nguvu ambacho mwili umetumia, wataalamu walitazamia kukuta kwamba watu hawa hutumia chakula kingi mno kuliko Mmarekani anayekaa ofisini. Majibu, yaliyotolewa mwaka 2012, yalikuwa kwamba hawakuzidiana, ukishalinganisha ukubwa wa miili! Pontzer hudai kwamba mwili una bajeti ambayo hauipiti kwa wepesi, na usipoitumia kwa mwendo huitumia kwa mambo mengine, ikiwa ni pamoja na kuchochea ule uvimbe wa ndani kwa ndani ambao matabibu sasa huuhusisha na maradhi ya moyo na mengineyo. Maelezo hayo bado yanajadiliwa, lakini vipimo vyenyewe vyatosha kumwambia mtu anayetembea kila asubuhi, akapanda mizani kila Ijumaa na kukata tamaa, kwamba anatazama mahali pasipo. Uzito hutawaliwa zaidi na sahani. Mwendo una kazi nyingine, nao huifanya hata pale mizani inaponyamaza.

Tena Wahadzabe si watu wasiopumzika. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa kumi za mchana na jioni, sawa na watu wa mijini, ila mapumziko yao ni ya kuchutama, kupiga magoti na kukaa chini, ambayo huiacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo kidogo, wala si ya kuzama katika kochi. Na wanaochimba mizizi katika ardhi ngumu kwa ari kubwa ni vikongwe. Kristen Hawkes na wenzake waliandika tangu mwaka 1989 juu ya bibi wa Kihadzabe ambao saa zao za kutafuta chakula huzizidi za mabinti zao wenye watoto wachanga. Huko bibi hajaambiwa kwamba amestaafu.

Habari ya kukaa chini inanipeleka Brazil, kwa tabibu Claudio Gil Araújo, ambaye aliwataka watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hata 80 wakae sakafuni kisha wasimame bila ya kushika chochote, akiwapa alama kumi kamili na kuwapunguzia kila walipojisaidia kwa mkono au goti. Aliwafuata kwa miaka sita hivi, na mwaka 2012 akatangaza kwamba waliopata alama chache walikufa kwa wingi kuliko waliopata nyingi. Si kwamba sakafu ina dawa; kuinuka kwataka nguvu za mapaja, ulaini wa viungo, na mizani ya mwili kwa pamoja, na anayekosa hivyo yu katika njia ya kuanguka. Watu wetu waliokulia juu ya mkeka, wanaokula chini, wanaosujudu na kuinuka mara kadhaa kila siku, walikuwa wakiufanya mtihani wa Araújo bila ya kujua, na inasikitisha kuona jinsi meza na kochi, ambavyo tulivinunua kwa fahari, vinavyotunyang'anya zoezi ambalo halikutugharimu hata senti.

Kuanguka si jambo dogo kwa mzee, kwa sababu ya mifupa. Mfupa hufikia ukamilifu wake karibu na umri wa miaka 30, kisha hushuka, na kwa mwanamke hushuka kwa kasi baada ya hedhi kukoma. Lakini mfupa ni kitu hai kinachojijenga pale kinapobebeshwa mzigo, na ndiyo maana mkono ambao mcheza tenisi anaupigia mpira huwa na mfupa mnene kuliko mwenzake, na ndiyo maana wanaanga, waishio mahali ambapo mwili hauna uzito, hupoteza asilimia moja hata moja na nusu ya unene wa mifupa ya nyonga kwa kila mwezi. Misuli nayo hupungua kila muongo tangu makamo, polepole kwanza na kwa haraka baadaye.

Lakini je, yuko mtu ambaye amechelewa kabisa? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha jaribio ambalo waliolisikia kabla halijafanywa huenda waliliona kuwa utovu wa huruma. Waliwachukua wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 kwa wastani, wakawatia katika mazoezi ya kuinua vyuma vizito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, yaani walikuwa na nguvu zaidi ya maradufu ya zile walizoanza nazo, na wawili waliokuwa wakitembelea mkongojo wakauacha. Na walipoacha mazoezi, nguvu zikaanza kuwatoka tena baada ya wiki chache tu, maana kanuni haikuwabagua hata wao.

Juu ya akili nitasema machache. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, hupungua ukubwa kadiri mtu anavyozeeka. Na mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walionyesha, katika wazee 120, kwamba kwa waliotembea kwa mwaka mmoja iliongezeka kwa asilimia mbili, na kwa waliojinyoosha viungo tu iliendelea kupungua.

Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo ambavyo mtu yeyote aweza kuvishika: dakika 150 hata 300 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa mtu mzima, yaani mwendo ambao mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, au nusu ya hizo ikiwa mwendo ni wa nguvu, mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki, saa moja kila siku kwa mtoto, na kwa aliyetimiza miaka 65 au zaidi, mazoezi ya kumzuia asianguke mara tatu kwa wiki. Mwenye maumivu ya kifua au aliyekaa miaka mingi na aanze polepole, tena kwa shauri la tabibu. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakufikia kiasi hicho, na jumla yao ni watu bilioni 1.8. Wengi wao si wavivu. Wengi wanaishi katika miji iliyojengwa kwa ajili ya magari, isiyo na njia ya miguu wala mti wa kivuli, na mwenye kupanga miji anayo dhima katika afya ya watu kama aliyo nayo daktari.

Ninalo ombi kwa wasomaji walio na wazazi, nalo halihusu viwanja wala mashine. Adabu zetu hutufundisha kwamba mzee hafanyi kazi mbele ya watoto wake: akiinuka kuchota maji ananyang'anywa ndoo, akishika jembe anaambiwa apumzike, akitaka kwenda sokoni anatumwa mjukuu, na akikaa chini analetewa kiti, hata baada ya miaka michache ya heshima hizi hawezi tena kuinuka pasipo kushikwa. Nia ni njema, na madhara yake ni yale yale ya kitanda cha Dallas. Mama akikuambia kwamba anakwenda mwenyewe dukani, na mwili wake unaweza, mwache aende; baba akitaka kupalilia migomba yake, mpe jembe. Na kama unaona haya kwa majirani kumwona mkweo amebeba kikapu, chukua kikapu cha pili ufuatane naye.